Midoli ya kale na nguo zake za kushonwa kwa mkono: maswali mnayouliza kila siku

Nimeamua kuyaweka pamoja maana kila wiki najibu yaleyale, na nusu ya maswali yanakuja mtu ameshaloweka gauni la hariri kwenye beseni ndo anauliza "eti naweza kufua?". Kwa hiyo kama sa hivi una mdoli wa kale mkono mmoja na sabuni mkono wa pili, weka sabuni chini kwanza. Mengine tutaongea.

Mdoli wa kale ni upi hasa? Huu wa bibi yangu unaingia?

Wakusanyaji wengi wanakata kwenye miaka 100. Uliovuka hapo ni wa kale, ambao haujafika ni wa zamani tu, na hilo sio tusi, ipo midoli ya miaka ya 1950 watu wanaigombania. Ila umri peke yake haukupi kitu. Viwanda vya Ujerumani vilitoa vichwa kwa maelfu na vingi mpaka leo vipo, kwa hiyo mdoli unaweza kuwa na miaka 115 na bado ukawa wa kawaida kabisa. Mara nyingi kinachoutoa kwenye ukawaida ni kile ulichovaa, ndo maana majibu mengi hapa chini utaona yananirudisha kwenye nguo tu.

Mwanasesere na mdoli ni vitu viwili?

Kitu kimoja. Mwanasesere ni jina la vitabuni, mdoli ni la watu. Mimi wa kwangu ni midoli.

Imetengenezwa na nini? Mbona mingine inang'aa na mingine haing'ai?

Ule unaong'aa kama kikombe cha chai, nywele nyeusi zimechorwa humohumo kichwani, hiyo ni kauri iliyopakwa mng'aro ikachomwa, ilivuma kuanzia miaka ya 1840. Ule usiong'aa, ukiugusa shavu ni kama ngozi yenye poda, unaitwa biski. Ni kauri ileile ila haikupakwa mng'aro, ikatiwa rangi ya mwili na kurudishwa kwenye tanuri, na ndo iliyotawala toka miaka ya 1860 mpaka baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Watu wa Paris kama Jumeau, Bru na Gaultier waliifanya kitu cha kifahari, Wajerumani wa Thuringia akina Kestner, Simon & Halbig na Armand Marseille wakaifanya nyingi na rahisi, mpaka Wafaransa wakabanwa wakaamua kuungana kampuni moja, SFBJ, mwaka 1899.

Halafu kuna nta. London ndo walikuwa mabingwa wa nta, familia za Montanari na Pierotti, nywele wanachomeka kidogo kidogo kichwani kwa sindano ya moto, na ukiuona uso wa nta kwenye mwanga mzuri utadhani kuna damu inapita ndani. Kuna ya mbao, ile yenye viungo vya vigingi kutoka bonde la Val Gardena ambalo sasa liko Italia. Kuna ya karatasi iliyosagwa na gundi, kuna kompozisheni ambayo ni unga wa mbao na gundi umegandamizwa, kuna felti ya Lenci wa Turin kuanzia 1919, na kuna ya Kijapani ambayo weupe wake ni gofun, yaani unga wa magamba ya chaza umechanganywa na gundi ya wanyama. Hiyo ya mwisho usiiguse na kitambaa kibichi hata kwa bahati mbaya, gundi ile inayeyuka na sura inaondoka na kitambaa chako.

Kwanini mnashupalia nguo kuliko sura?

Kwa sababu sura inatoka kwenye kalibu. Chukua namba 390 ya Armand Marseille, sura ileile imetoka mara nyingi mpaka imekuwa kama salamu, ukienda mnada wowote wa midoli utaikuta. Nguo haina kalibu. Kuna mtu alikaa akakata kitambaa, akapima kiuno cha mdoli, akapiga marinda ya upana wa punje ya mchele, akatia lesi, akashona tundu la kifungo ambalo huwezi kupitisha hata njiti ya kiberiti. Ikishaharibika hiyo, hamna nyingine.

Na kihistoria nguo ndo ilikuwa kazi yenyewe ya mdoli. Kabla magazeti ya mitindo hayajaenea Ulaya, midoli iliyovishwa Paris ilikuwa inatumwa kwenye majumba ya kifalme ya nchi nyingine ili mabibi wa huko waone mikono ya gauni mwaka huu imekatwaje. Mtoto hakuwa kwenye hesabu. Hata ile midoli ya mitindo ya Paris ya miaka ya 1860, yenye kiuno chembamba na umbo la mwanamke mzima, ilikuwa inakuja na sanduku lake la safari, ndani yake koseti, magagulo, glavu, mwavuli, viatu vya kisigino, mpaka miwani. Ukipata sanduku limekamilika unakaa chini kwanza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Lord na Lady Clapham, midoli miwili ya mbao ya miaka ya 1690 hadi 1700 iliyopo kwenye makumbusho ya V&A, London. Imevaa kila kitu, kuanzia cha ndani kabisa mpaka cha kutokea. Nguo za watu wenyewe wa wakati ule zimebaki vipande vipande, hapa gauni bila gagulo, pale soksi bila kiatu, lakini hawa wawili wanaonyesha kipi kilivaliwa juu ya kipi na kilifungwa wapi. Yaani mwanasesere ndo shahidi, watu wenyewe wameshapotea.

Nitajuaje nguo ni ya asili ya mdoli wenyewe?

Kwanza tutenganishe maneno maana wauzaji wanayachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua sana. "Nguo ya asili" ni ile mdoli ulitoka nayo kiwandani au aliyoshonewa na mwenyewe wa kwanza. "Nguo ya kale" ni kuukuu kweli ila imetoka kwa mdoli mwingine, au ni ya mtoto mchanga imekatwa ikapunguzwa. "Kitambaa cha kale" maana yake gauni limeshonwa juzi kwa kitambaa cha zamani. Zote tatu zina haki ya kuishi, ila hazina thamani moja.

Sasa unaangaliaje. Anza ndani, sio nje. Pindua upindo uone rangi upande wa ndani, nguo iliyokaa kwenye mwili mmoja miaka 100 imepauka mabegani na kwenye mikunjo ya juu lakini ndani ya marinda rangi bado kali, na mpauko huo lazima ufuate jinsi mdoli ulivyokaa. Kama gauni limepauka sehemu ambazo kwenye mwili huu zimefichika, basi lilikaa mwili mwingine. Angalia mwili wenyewe pia, nguo ya asili mara nyingi inaacha kivuli, mstari wa mkanda kiunoni, alama ya kutu ya kulabu kwenye mgongo wa ngozi ya mbuzi, kipande cha kifua kilichobaki cheupe. Kulabu na kutu yake vikikutana pahali pamoja, hapo unatabasamu.

Halafu kuna vitu vya tarehe. Zambarau zile kali za kemikali zilianza baada ya William Perkin kugundua rangi yake mwaka 1856, kwa hiyo gauni la zambarau kali linalodaiwa ni la 1830 lina maelezo ya kutoa. Vile vifungo vya chuma vya kubana vilipata hataza Ujerumani mwaka 1885. Zipu ilizoeleka kwenye nguo miaka ya 1930, nailoni ilitangazwa 1938, zile tepu za kunata zenye vimiba ni za miaka ya 1950. Kimoja tu kati ya hivyo hakimaanishi nguo nzima ni mpya, huenda mtu alirekebisha mgongo, ila sasa una swali la kuuliza.

Na ile taa ya kukagulia noti, ya UV, itumie gizani. Sabuni za kisasa na vitambaa vya kisasa vina dawa ya kung'arisha inayowaka bluu chini ya taa hiyo. Gauni zima likiwaka kama shati la mtu disko basi ama ni jipya ama kuna mtu alilifua, na vyote viwili ulitaka kuvijua.

Imeshonwa na mashine. Basi feki?

Hapana jamani. Cherehani zilienea toka miaka ya 1850, viwanda vya Paris vilizitumia na mama wa nyumbani walizitumia. Nguo nyingi za asili za baada ya hapo zina mshono mrefu wa mashine na umaliziaji wa mkono. Na kinyume chake, kushonwa kwa mkono sio cheti cha uzee, hata mimi nashona kwa mkono.

Hizi namba na herufi nyuma ya shingo zina maana gani?

Inua wigi taratibu, soma shingoni. Kwa kawaida kuna jina au herufi za kiwanda, kama S & H, AM (Armand Marseille), JDK (Kestner), kuna namba ya kalibu na kuna namba ya ukubwa, na watu kila siku wanachukua namba ya ukubwa wanadhani ni mwaka. DEP ni kwamba muundo umesajiliwa, haikutajii nani kausajili. Neno "Germany" au nchi nyingine kwa Kiingereza linakwambia huenda ni baada ya 1891, sababu sheria ya ushuru ya McKinley ya Marekani ilianza kudai bidhaa zinazoingia zionyeshe nchi zilikotoka. Kukosekana kwa neno hilo hakuthibitishi chochote, sio kila mdoli ulikuwa unaenda Marekani. Na mwili wa Jumeau wenye muhuri wa medali ya dhahabu hauwezi kuwa wa kabla ya 1878, ndo mwaka walioshinda kwenye maonyesho ya Paris.

Ila alama inatambulisha kichwa tu. Mwili ni habari nyingine. Kuna midoli mingi sana ambayo kichwa na mwili wameozeshwa ukubwani, kichwa cha Mfaransa juu ya mwili wa Mjerumani, na gauni limevutwa mpaka shingoni kuficha ndoa. Ndo maana muuzaji akikataa kukupigia picha mdoli bila nguo ya juu, unamshukuru na unaondoka.

Ufa nautambuaje?

Toa wigi, toa na kile kifuniko cha utosini, kwa Wafaransa mara nyingi ni koki, ile ya vizibo vya chupa, kwa Wajerumani kadibodi, na Kestner walipenda plasta. Kifuniko cha plasta kama kimeshikilia usikibandue, tumia tundu lingine. Ingiza tochi ndogo ndani, zima taa za chumbani. Ufa wa unywele ambao mchana hauonekani utawaka kama mstari wa mwanga. Sehemu iliyozibwa na kupakwa rangi itaonekana kama kiraka kizito cheusi, na chini ya taa ya UV rangi ya marekebisho inatofautiana na kauri inayoizunguka. Vidoa vidogo vyeusi kama pilipili manga sio ufa, ni vumbi la tanuri, na vimo tokea mdoli ulipozaliwa.

Narudi pale pale, naweza kufua?

Usifue.

Najua utasema nguo ni chafu. Ndio ni chafu. Lakini ule uchafu mara nyingi ndo umeshikilia kitambaa, na maji yanafanya mambo manne kwa mpigo: yanavujisha rangi ambazo hazikuwahi kukusudiwa kuona maji, yanakausha kitambaa kikiwa kimerudi wakati bitana haijarudi hivyo gauni linajikunja, yanaondoa ule wanga uliotiwa kiwandani ili nguo isimame, na yanashtua nyuzi zilizozeeka. Mtu anasema "nimefua na imetoka safi", ndio imetoka safi, na imetoka kama kitambaa cha kufungia maandazi, imelala, haina umbo.

Mi nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa na kofia ya hariri ya rangi ya maziwa, ya mdoli wa Kifaransa, ndogo inaingia kwenye kiganja, marinda yamezunguka uso mzima na utepe wa kufunga kidevuni. Nikatia maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto, sabuni ya mtoto bwana, nikajiona mwangalifu kweli. Dakika mbili. Nilipoinua, hariri ikabaki majini kama utando wa maziwa yaliyochemka na mkononi nikabaki na lesi na waya wa ukingo, na waya ulikuwa umetoa kutu umechora duara la kahawia kwenye taulo. Lile taulo bado ninalo. Kofia haipo.

Unachoweza kufanya ni vumbi. Chukua mashine ya kunyonya vumbi, punguza nguvu mpaka mwisho, weka wavu laini juu ya nguo ili isivutwe, na upitishe mdomo wa mashine kwa juu bila kugusa. Au brashi laini ya rangi za maji, unasukuma vumbi kuelekea kwenye mashine. Hivyo tu. Pamba nyeupe ngumu ya nguo za ndani, isiyo na rangi wala lesi dhaifu, ndo pekee ambayo watu wenye uzoefu huwa wanailowesha, na hata hapo wanajaribu tone moja la maji pahali pa siri kwanza na wanaikausha imelazwa, haitundikwi.

Gauni langu la hariri linapasuka lenyewe, sijaligusa hata. Nini hiki?

Pole. Hiki ni kilio cha wote wenye nguo za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa 20. Hariri mbichi ina gundi yake ya asili, ikichemshwa kutolewa gundi inapoteza karibu robo ya uzito. Sasa hariri iliuzwa kwa uzito. Viwanda vikatafuta njia ya kurudisha uzito na vikailowesha kwenye chumvi za madini, hasa za bati, na kitambaa kikatoka kizito, kinatoa sauti nzuri ya kukwaruza ukitembea, wateja wakafurahi. Chumvi hizo zinakula uzi taratibu, mwanga unazisaidia, na baada ya miaka mia kitambaa kinachanika kwa mistari iliyonyooka kama kimekatwa na wembe. Ajabu yake ni kwamba hariri ya 1780 isiyotiwa chumvi inaweza kuwa na nguvu kuliko ya 1895.

Hakuna dawa ya kurudisha. Unachofanya ni kupunguza mwendo: giza, kutokukunja, kutokugusa, na kuegemeza kitambaa kwa wavu mwembamba wa hariri juu au chini, kazi ambayo mwachie fundi wa kuhifadhi nguo za makumbusho. Usipake gundi. Usipake ile karatasi ya kubandika kwa pasi. Na nakuomba, usitoe gauni ukalitupa ukavisha jipya, hata likiwa vitambaa vitupu lile ndo paterni, ndo ushahidi.

Basi naruhusiwa kuvua nguo kuangalia ndani?

Inategemea zimefungwaje. Midoli midogo ya mavazi ya kienyeji ya mikoa ya Ulaya mara nyingi nguo zimeshonewa mwilini au zimegundishwa kabisa, hizo usianze. Kama kuna kulabu au vifungo na kitambaa kina nguvu, vua mara moja, ipige picha kila hatua, andika mpangilio, kisha rudisha. Anza na kofia, malizia na soksi. Viatu vya ngozi vilivyokauka ukivivuta vinakatika kisigino, achana navyo. Pini zozote utakazokuta zimepata kutu zitoe kama zinatoka kirahisi, na kama hazitoki usivute, kata kichwa cha pini upitishe upande wa pili.

Nondo?

Nondo mzima hali kitu, anayekula ni mtoto wake. Anapenda sufu, felti, manyoya na wigi za sufu ya mbuzi, na anapenda zaidi penye jasho na uchafu wa zamani. Ukiona vitundu na unga kama mchanga chini ya upindo, tenga mdoli huo siku hiyohiyo. Nguo peke yake, bila mdoli, weka kwenye mfuko usiopitisha hewa, friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili, halafu ukitoa usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite, la sivyo unyevu unatua kwenye kitambaa. Mdoli wa nta, wa kompozisheni au wenye rangi ya kupaka usiingize friza, utatoka na nyufa.

Niweke wapi na vipi?

Mbali na dirisha. Mwanga haurudishwi, kila saa inajumlishwa na ya jana, makumbusho wanaweka nguo kwenye mwanga hafifu wa lux 50 na bado wanazipumzisha. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 45 hadi 55 na usiopanda na kushuka ni mzuri, kupanda na kushuka ndo kunapasua kompozisheni kuliko kiwango chenyewe. Kabati la vioo sawa ila taa isiwe ndani inayotoa joto, nta haitaki utani. Na stendi ya waya ifunge kitambaa laini pale inapokamata kiuno, maana waya mtupu unakata gauni kimyakimya.

Ukihifadhi kwenye boksi, tumia karatasi laini isiyo na asidi, jaza mikono na marinda ili yasijikunje. Mdoli wenye macho ya kufumba ulaze kifudifudi. Watu hawaniamini hili lakini kule ndani macho yana kipande cha madini ya risasi cha kuyapa uzito, ukiulaza chali uzito unagonga kwa ndani na plasta inayoshikilia macho inaachia, kuna vichwa vimetobolewa hivyo bila kuanguka.

Midoli ya seluloidi, ile plastiki ya mwanzo mwanzo, iishi peke yake. Inashika moto kwa haraka ya kutisha, na ikizeeka inatoa mvuke wa asidi unaokula majirani, nguo na chuma vyote.

Nimepata mdoli wa kauri kwenye boksi na cheti, gauni la marinda, mzuri kweli. Ni wa kale?

Cheti ndo kinakwambia. Midoli ya kauri yenye vyeti na namba za toleo ni ya miaka ya 1980 na 1990 kwa sehemu kubwa, ilitolewa mingi sana, ikauzwa kama kitu cha kuwekeza. Ipende kama unaipenda. Kama ulinunua kwa ajili ya kuuza baadaye, mh.

Na nakala za kughushi je?

Miaka ya nyuma kulikuwa na mtindo wa watu kujitengenezea nakala za Bru na Jumeau kwa kalibu zilizochukuliwa kwenye vichwa halisi, kwa nia njema kabisa, wakasaini majina yao. Shida ni wajukuu wanaofuta saini. Kauri inasinyaa ikichomwa, kwa hiyo nakala ya namna hiyo inatoka ndogo kidogo kuliko mama yake, pima ulinganishe na vipimo vinavyojulikana vya namba ile. Vichwa vya mwanzo vya Kifaransa vilikandamizwa kwa vidole ndani ya kalibu hivyo kwa ndani vina mawimbi na unene usiolingana, vya baadaye vilimiminwa kama uji na ndani ni laini. Kichwa kinachodaiwa ni cha 1880 na ndani ni laini kama yai, uliza maswali.

Naweza kushonea mdoli nguo mpya?

Kama ulikuja uchi, shona kwa raha zako. Tumia pamba, kitani, sufu au hariri nyembamba sana, maana kosa kubwa ni kitambaa kizito, marinda yanasimama kama pazia. Magazeti ya Paris ya miaka ya 1860 yalichapisha paterni za midoli na watoto walijifunzia kushona humo, kwa hiyo unaendeleza kazi ileile. Ila tia alama yako na mwaka ndani ya upindo, kwa uzi.

Kuna hatari ya kiafya?

Ipo, ndogo lakini ipo. Kijani kali cha karne ya 19 kinaweza kuwa na aseniki, kwenye gauni na kwenye majani ya maua ya kofia pia. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Vaa glavu, usile huku unashika, nawa. Na manyoya, pembe za ndovu na gamba la kasa kwenye feni za mkono na vitana vidogo vinaingia kwenye sheria za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilizoanza kutumika 1975, kwa hiyo usitume nje ya nchi kabla hujauliza forodha, hata kama kitu ni cha ukubwa wa ukucha.

Wapi nione iliyovaa vizuri kuliko yote?

Clapham nimeshasema. Malkia Victoria alipokuwa mtoto alikuwa na midoli midogo ya mbao 132, nguo zake walishona yeye na mlezi wake Lehzen, na imehifadhiwa. Kuna France na Marianne, midoli miwili ya Jumeau ambayo Ufaransa iliwapa mabinti wa kifalme wa Uingereza, Elizabeth na Margaret, mwaka 1938, na nguo na vikorombwezo zaidi ya 350 kutoka kwa mafundi wakubwa wa Paris. Na kuna Théâtre de la Mode ya 1945, mafundi wa Paris vita haijapoa, kitambaa hakipo, wakaamua kuonyesha mitindo kwa midoli ya waya ya kama sentimita 70, vifungo vinafunguka, mikoba ina vitu ndani. Iko makumbusho ya Maryhill, jimbo la Washington, Marekani. Sio ya kuchezea, na sio ya kale kwa mstari wa miaka 100, lakini ukitaka kuelewa kwanini mtu mzima anashona tundu la kifungo kwenye koti la mdoli, nenda pale.

Usiku haikutishi?

Inayofumba macho naipa mgongo.

Nikitaka kuuza au kuwagawia wanangu, niandike nini?

Ulikoupata, lini, kutoka kwa nani, ulikuwa umevaa nini siku hiyo, na nini umebadilisha toka hapo, hata lastiki ya viungo. Picha ya nguo kila moja mbele na nyuma. Nguo ulizozitoa ziende na mdoli huohuo kwenye bahasha yake, usizichanganye. Andika kwa penseli kwenye kikaratasi kisicho na asidi, uweke chini ya gagulo la mwisho. Penseli, sio kalamu, wino unavuja kwenye pamba.